Siku Kumi Zilizombakia Phulvati

Ndugu wafiwa, majirani wa Handia, nanyi mliovuka leo kutoka Nemawar, haya nayasoma kwa niaba ya familia, kama alivyoyasema wifi mkubwa wa marehemu, Bibi Rampyari, naye akataka yaandikwe hivyohivyo.

Marehemu Phulvati Kevat alizaliwa tarehe 14 Januari 1951, hapa ukingo wa kusini wa mto wetu, Mama Narmada, alfajiri ambayo kijiji kizima kilikuwa majini kinaoga kwa sikukuu na kutetemeka kwa baridi, na bibi yake alimchovya mtoni akiwa bado mchanga, akisema, "Mwacheni amjue mama yake mkubwa." Shule alisoma madarasa mawili tu, akatoka, akawa anawauzia waogaji mashada ya maua, na wenye kuogopa maji aliwashika mkono mwenyewe: "Zama mara tatu, dada, dhambi hazijui kuogelea."

Tarehe 3 Mei 1968 aliolewa na Badri, mwenye mashua, wakajaliwa mtoto mmoja, Gopal.

Novemba 2004 alianza kuuzunguka mto wote kwa miguu kutoka Omkareshwar, maji yakiwa mkono wa kulia, kwa nadhiri ya kutovuka mpaka arudi alikoanzia. Tarehe 2 Machi 2005 alifika Nemawar, nyumba yake anaiona ng'ambo, na siku hiyo mkwewe, mke wa Gopal, alishikwa na uchungu huku Handia, mtoto amekaa vibaya, Badri akaja na mashua kumchukua akamzalishe.

"Panda, mama Gopal."

"Unajua nikikanyaga humo nadhiri imevunjika, baba Gopal."

"Najua. Panda."

Alipanda, akampokea mjukuu wake Revati kwa mikono yake, na miezi minne ya kutembea ikafutika. Waliomcheka aliwajibu, "Narmada naye ni mama, nitaanza upya."

Alianza upya Novemba 2023, akiwa mjane. Tarehe 20 Januari mwaka huu wa 2025 alifika Handia, zimebaki siku kumi kufika Omkareshwar, akakataa kulala kwake, maana aliye safarini halali nyumbani, akatandika barazani pa hekalu, na hapo homa ya mapafu ikamkamata. Hospitalini, mjini Harda, Revati alimpelekea maji ya mto, akamwosha uso, naye akafariki tarehe 28.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliopika, na wenye mashua, ambao desturi yao ni kutuvushia maiti wachomwe ng'ambo, lakini huyu wakakubali achomwe ukingo huuhuu, asivuke mto na kuvunja nadhiri tena.

Kesho Revati anaondoka na majivu yake, kwa miguu, mto mkono wa kulia, hadi Omkareshwar.

Phulvati, nenda polepole, mjukuu wako amekushika. Ukifika, pumzika kwa amani.