Mama Mashine na Waya Uliovuka Bonde

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Aliye jikoni apunguze moto, chungu kitasubiri. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa unga wake. Tunamkumbuka Mama Mashine.

Mama Mashine alikuwa na mashine ya kusaga nafaka, kule juu, ng'ambo ya bonde, lami inapokwisha. Ametutoka mwezi uliopita, nyumbani kwake, kitandani kwake. Alikuwa mjane na mama wa watoto wawili, wa kiume na wa kike. Yule wa kike ni kiziwi. Narudia, wasikilizaji, maana habari yote ya leo inasimama hapo. Binti wa Mama Mashine hasikii.

Hakuzaliwa hivyo. Alishikwa na homa kali akiwa mdogo, ndiyo kwanza anajifunza kutaja majina ya vitu. Homa ilipoondoka, iliondoka na masikio yake. Mama alimwita kutoka nyuma, mtoto hakugeuka. Akagonga sufuria, mtoto hakugeuka.

"Mama alikaa chini sakafuni," anasema mwanawe wa kiume, ambaye sasa ndiye anayeendesha ile mashine. "Halafu akainuka, akajikung'uta gauni, akaniambia: haya, tutajifunza kuongea upya."

Na kweli walijifunza. Shule ya viziwi ilikuwa mbali, lakini Mama Mashine alimpeleka binti yake, kisha akaomba na yeye akae darasani. Mwanamke mzima, magoti yamembana chini ya dawati la watoto, anajifunza lugha ya alama. Siku moja alitaka kumwambia mwalimu kwamba ana njaa, kumbe mikono imesema yeye ni mbuzi. Darasa zima lilivunjika mbavu. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote.

Tena pana jambo tamu hapa. Mle kwenye mashine, injini ikishawaka, hakuna anayesikia. Mteja anapayuka, msagaji anapayuka, hawaelewani. Lakini mama na binti walikuwa wakipiga soga zao kwa mikono bila wasiwasi. Wateja wakaona, wakaanza kuiga. Hii ni "subiri". Hii ni "saga laini". Hii ni "hilo gunia ni langu". Ndani ya kibanda kile, wasikilizaji, viziwi tulikuwa sisi.

Binti akakua. Akasomea ualimu. Akapata kazi ya kufundisha watoto viziwi katika nchi nyingine, akaolewa hukohuko.

Sasa mama ataongeaje na mwanawe? Simu ya kawaida, haiwezekani. Ujumbe wa maandishi ulikuwepo, nao waliutumia. Lakini Mama Mashine alikuwa na msemo wake: "Maandishi hayana uso. Akiniandikia hajambo, nitajuaje kama hajambo kweli?" Alitaka kumwona. Alitaka kuiona mikono.

Na mtandao wa kule juu ulikuwa hoi. Ili uupate kidogo, usimame nyuma ya tangi la maji, simu umeiinua kama mtu anayeanika nguo. Picha inakuja, inaganda. Inakuja tena, inaganda. Wewe unayesikia, picha ikiganda huenda sauti bado ikafika. Kwa mtu wa lugha ya mikono, picha ikiganda ni kama amezibwa mdomo.

Siku moja ya mvua, binti alipiga. Mama akakimbilia nyuma ya tangi na mwavuli. Akaona mkono wa binti unasema "Mama". Akaona unasema "hospitali". Picha ikaganda. Kisha mtandao ukazimika kabisa, kijiji kizima.

Mama Mashine hakula siku hiyo. Asubuhi alipanda pikipiki, kwenye tope, mpaka mjini. Mtandao uliposhika, ujumbe ukaingia. Ulisema: "Mama, unapata mjukuu."

Wasikilizaji wapendwa, alifurahi. Alifurahi mno. Lakini pia alikasirika, na hakuficha. "Habari nzuri kama ile," alimwambia baadaye mwanawe wa kiume, "nimeilia kama msiba! Haitatokea tena." Palepale mjini, na tope lake miguuni, akaingia ofisi ya kampuni ya mtandao.

Waya wa intaneti ya kasi ulikuwa umefika shule ya sekondari, upande huu wa bonde. Upande ule, hakuna. Afisa alimweleza kwa upole: nyumba moja haitoshi kusimamishiwa nguzo. Mama Mashine akauliza, "Je, zikiwa nyingi?" Afisa akasema hapo watazungumza.

Basi, kila aliyekuja kusaga aliulizwa swali. Unataka intaneti ya kasi nyumbani kwako? Aliyesema hana haja nayo, alisagiwa, lakini alisagiwa huku akielezwa. Muuguzi wa zahanati akakubali. Seremala akakubali. Majirani wakakubali. Kampuni nayo ikakubali, kwa sharti moja: wenye mashamba waruhusu nguzo zipite.

Wote waliruhusu. Isipokuwa mmoja.

Huyo alikuwa jirani yake, mfugaji, ambaye tunamwita Babu Ng'ombe. Hawa wawili walikuwa hawasalimiani. Ng'ombe wa babu aliwahi kuingia kwenye ghala la Mama Mashine, akashiba mahindi ya wateja. Maneno yaliyotoka siku ile, redioni hayafai.

Mama Mashine alijifunga kitenge, akaenda. Babu Ng'ombe mwenyewe amenisimulia.

"Alibisha hodi," anasema. "Nikamwambia, kama ni nguzo, rudi. Akasema, si nguzo, nimekuja kukuonyesha mtu. Akanipeleka pale kwenye kichuguu changu, ndipo simu zinaposhika kidogo. Akampigia binti yake. Yule mtoto nimemwona tangu anatambaa, jamani. Nikaona anacheka, ananipungia. Akaanza kuongea na mikono. Mara akasimama, hasogei. Nikauliza, sasa anasema nini? Mama Mashine akanitazama, akasema: 'Ndiyo ninachotaka kujua mimi.'"

Babu Ng'ombe akaendelea: "Nikamwambia, leteni nguzo yenu. Shimo nitachimba mwenyewe. Lakini ng'ombe wangu wakijikuna hapo, nisisikie mtu analalamika."

Wanajikuna mpaka leo. Nguzo imara.

Fundi aliyekuja kuunganisha alikuwa dada mmoja mkimya, mwenye ngazi ndefu kuliko pikipiki yake. Alivuta waya mpaka sebuleni, akafunga kisanduku cheupe ukutani, juu ya kabati la vyombo. Taa zikawaka za kijani. Watu wamejaa mlangoni, hata Babu Ng'ombe yumo. Mama Mashine akakaa kwenye kochi, simu ameiegemeza kwenye birika. Akapiga.

Picha ikaja. Haikuganda.

Binti yake alikuwa amesimama, ameweka mkono kwenye tumbo lake kubwa. Kila kidole kilionekana. Mama akaanza kumjibu, machozi yakamshinda, akawa anajifuta kwa mikono yote miwili. Binti akamwambia kitu, na mama akapasuka kicheko katikati ya kilio. Watu wakauliza, amesema nini? Akawatafsiria:

"Anasema nisilie. Nikijifuta machozi nanyamaza."

Tangu siku hiyo, wasikilizaji, sebule ile ilikuwa na watu. Mjukuu alizaliwa, anasikia vizuri, lakini alianza kumwita bibi yake kwa mikono kabla hajajua kumwita kwa mdomo. Vijana walikuja kutazama mpira, wakapewa masharti: viatu mlangoni, na binti yangu akipiga, mpira mtamalizia kwenu.

Kisha seremala akaja na mwanawe mdogo wa kike. Naye hasikii. Alikuwa hajapata shule, nyumbani wanamwonyesha kwa kumvuta mkono tu. Mama Mashine alimketisha mbele ya simu, akampigia binti yake. Yule mwalimu, kutoka nchi ya mbali, akamfundisha mtoto alama yake ya kwanza. Ilikuwa "baba". Seremala alitoka nje, akasimama uani kwa muda mrefu.

Ndivyo lilivyoanza darasa la Jumamosi. Narudia, darasa la Jumamosi, katika ghala la nafaka la Mama Mashine. Watoto wamekaa juu ya magunia, mwalimu yuko kwenye kioo cha simu. Darasa hilo lipo hadi leo, na wazazi wanakuja kujifunza pia.

Mwaka huu moyo wa Mama Mashine ulianza kuchoka. Madaktari walisema wazi. Binti akafunga safari na familia yake, akawahi. Alipoingia chumbani, mama alimtazama kutoka juu mpaka chini, akainua mikono taratibu, akasema: "Kumbe umenenepa! Kwenye simu ulikuwa unanificha." Walicheka wote mpaka akakohoa.

Walikaa pamoja wiki kadhaa, wanaongea mchana kutwa. Na mchana mmoja, mama alimshika binti mikono yote miwili. Mwanawe wa kiume alikuwepo. Anasema: "Kwa watu wa lugha ile, kushikana mikono ni kunyamaza. Walikuwa wamemaliza kuongea." Alitutoka hivyo, taratibu, mikono yake ikiwa ndani ya mikono ya binti yake.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki, tunatoa pole kwa familia. Pole kaka, pole dada, pole mjukuu. Pole Babu Ng'ombe, maana najua jirani hana wa kugombana naye tena. Pole kwenu watoto wa Jumamosi. Mungu amlaze pema.

Nasi tujiulize, kila mtu nyumbani kwake. Yupo mtu hapo unayeishi naye, au aliye mbali, anayesubiri kusemeshwa kwa lugha anayoielewa? Si lazima awe kiziwi. Umeshawahi kuketi kwenye dawati lake?

Nimalizie hivi. Binti wa Mama Mashine amesharejea kazini kwake. Redio hii hawezi kuisikia. Lakini wakati huu ninapozungumza, kaka yake amekaa kwenye kochi la mama yao, redio ipo pembeni, na dada yake yuko mbele yake kwenye simu. Kila ninalolisema, kaka analigeuza kuwa mikono.

Dada, mama yako tulimpenda.

Sasa nitanyamaza kidogo, ili kaka yako amalize kukuambia.