Marzouq bin Khalifa, Mweka Hazina Aliyeulizwa Nani Auzwe

Enyi mliotoka Ibra na Sur, na nyinyi majirani zetu wa hapa Birkat al Mauz, mmekaa nasi siku tatu na Mungu atawalipa. Haya ndiyo maisha ya ndugu yetu Marzouq bin Khalifa, kama tulivyoyajua sisi wa nyumbani. Mengine mmeyasikia madukani na mmeyasikia vibaya. Ndiyo maana tumeona bora yasomwe hapa, mbele ya mkewe na watoto wake.

Marehemu alizaliwa Tabora tarehe 3 Machi 1957, mtoto wa pili wa Bwana Khalifa bin Maen na Bi Hanifa. Asili ya baba yake ni Ibra, Oman. Kule Bara alikuwa na duka la nguo na chumvi. Marehemu alipokuwa na miaka saba, mama mmoja aliingia dukani akauliza kama chumvi ile ilikuwa kavu. Kabla baba hajafungua mdomo, mtoto akajibu, "Ya juu kavu, shangazi. Ya chini imeingia maji ya mvua." Mama yule akaenda zake. Bwana Khalifa akamvuta mtoto sikio, kisha akacheka peke yake, akamwambia Bi Hanifa, "Huyu mwanao asiulizwe neno. Akiulizwa, kasema." Maneno hayo tuliyacheka miaka mingi. Siku hizi hatuyacheki.

Alisoma chuoni Kurani, kisha skuli pale pale Tabora mpaka kidato cha pili. Mwaka 1974 baba yake aliwarudisha wote Oman. Kiarabu chake kilikuwa cha kuokoteza, na vijana wa Ibra wakimwita Mzanzibari, naye Unguja hakuwahi kuiona ila kwenye ramani. Hakukasirika. Alikwenda Maskati, mchana akibeba magunia na jioni akisoma uhasibu, mpaka akapata cheti chake mwaka 1979.

Mwaka huo huo aliajiriwa katika benki moja Nizwa, akafanya kazi hapo mpaka alipostaafu mwaka 2014. Ijumaa asubuhi alipenda kupita mnada wa mbuzi, hanunui, anatazama tu bei zinavyopanda.

Ijumaa ya tarehe 22 Agosti 1986 alimuoa Bi Ghaniya binti Sheha wa hapa Birkat al Mauz, wakajenga nyumba penye falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba, karibu na migomba ya baba mkwe. Alyaa alizaliwa mwaka 1989. Halafu wakangoja miaka kumi, na watu wakaanza kumshauri marehemu mambo ya mke wa pili. Akawajibu, "Huyu mmoja bado sijamaliza kumsikiliza." Mwaka 1999 akaja Khattab. Marehemu alimpeleka mwenyewe klabu ya mpira ya Al-Ghaf akiwa na miaka tisa, akamshika mkono mpaka uwanjani.

Alipostaafu, klabu hiyo ilimwomba awe mweka hazina, bila ya mshahara. Hapo ndipo palipoingia mambo.

Mwaka 2020 klabu ilimsajili mshambuliaji kutoka nje kwa riali elfu arubaini, mkataba wa miaka minne. Hesabu za mwaka zilipofungwa, kamati ikaona usajili ule umeandikwa elfu kumi tu. Bwana Aws, mwenyekiti, akapiga makofi. "Abu Khattab, wewe mchawi! Arubaini umeigeuza kumi."

"Hapana uchawi, bwana," marehemu akamwambia. "Ukikodi shamba la mitende miaka minne na ukalipa siku moja, utasema tende zote umezila mwaka huu? Gharama inagawanywa kwa miaka ya mkataba. Lakini fedha yenyewe imeshatoka, na miaka mitatu inayokuja kila mmoja una kumi yake inaungoja."

Ile ya mwanzo waliisikia. Hii ya mwisho waliiacha mlangoni pamoja na viatu vyao.

Mshambuliaji mwenyewe magoli hakufunga. Kufika Juni 2022 klabu ilikuwa inaelekea hasara ya mwaka wa pili, na hasara ikionekana tena isingepata kibali cha kucheza ligi. Kikaitwa kikao. Khattab, wakati huo kiungo wa timu, alikuwepo na wenzake.

"Tumuuze huyu mgeni, khalas," akasema Bwana Aws.

"Anatakiwa kwa elfu kumi na mbili," marehemu akasema. "Vitabuni bado amebakiwa na ishirini. Ukimuuza leo umeongeza hasara ya elfu nane."

"Sasa tumuuze nani tupone? Sema wewe, ndiye mwenye hesabu."

Waliokuwapo pale wanasema kwanza alilifunga daftari. Kisha akasema, "Aliyelelewa hapa hapa. Huyo hatukumnunua, vitabuni hana bei. Akiuzwa, kila riali inaandikwa faida, na yote inaingia mwaka huu huu, haigawanywi."

"Nani, kwa jina?"

Klabu moja ya nchi ya jirani ilikuwa imeshamtaka mmoja kwa elfu thalathini, na kila mtu alimjua. Marehemu akatazama mkeka.

"Mwanangu," akasema.

Mtu mmoja nyuma akacheka. "Wallahi mzee kamnadi mtoto, kama mbuzi wa Ijumaa!" Watu wakacheka naye. Khattab akaondoka.

Nyumbani Bi Ghaniya aliwasikia wote wawili ukumbini.

"Baba, ungesema hujui."

"Niliulizwa mbele ya watu, mwanangu. Ningesema uongo?"

"Waliulizwa watu wote na vitabu vyote. Mimi nani aliniuliza?"

Khattab alitia saini tarehe 28 Juni 2022, mkataba wa miaka mitatu, kwa sababu karatasi aliletewa na baba yake. Klabu ikapona mwaka ule. Wanaosema marehemu alikula katika fedha zile, na wajue leo: hakugusa hata baisa. Mwaka uliofuata thalathini ile ilikuwa imeshasajili wageni wawili, mikataba mirefu zaidi, na mzigo umerudi. Bwana Aws akamuuliza tena, "Abu Khattab, nani mwingine tuliyemlea wenyewe?" Marehemu akainuka, akaweka funguo za ofisi juu ya meza, na hakurudi tena.

Khattab alipiga simu kila Ijumaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

Basi. Mechi zake marehemu akizitazama kwenye televisheni bila ya sauti. Bi Ghaniya akimwambia, "Si uongeze sauti, mume wangu, tusikie wanavyomsifu." Akijibu, "Kabla hawajamsifu wanataja alinunuliwa kwa ngapi. Sitaki."

Novemba 2023 figo zilimshinda, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, hospitali ya Nizwa. Alivumilia bila ya kulalamika, ila alikonda. Jumatatu ya tarehe 13 Januari 2025 alimuuliza Alyaa, "Mkataba wa nduguyo umebaki kiasi gani?"

"Hata miezi sita haifiki, baba."

Akatabasamu, mara ya kwanza kwa siku nyingi. "Basi na kwenye vitabu vyao amekaribia kwisha. Ukiisha mkataba hana bei tena, kama alipokuwa kwetu." Kisha akamshika mkono. "Lakini asiitwe, Alyaa, na asipangiwe. Muulizeni kwanza anataka nini. Mimi sikumuuliza."

Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, akiwa na miaka 67, na akazikwa siku hiyo hiyo baada ya Alasiri. Ndege ya Khattab ilichelewa. Alifika makaburini watu wanajipukuta mchanga, na nduguye marehemu, Bwana Sabir, anatoa tangazo kama ada ilivyo: anayemdai marehemu aseme, warithi wapo, au asamehe.

"Mimi namdai, ami," akasema Khattab.

Watu wakampisha. Akapiga magoti penye udongo mbichi, akausawazisha kwa kiganja. Bwana Sabir akamwinua.

Alyaa ameshamfikishia maneno ya baba yao, na swali ameshamuuliza. Bado hajajibu. Hapana mtu wa kumharakisha, wala wa kamati, wala wa nyumba hii.

Marehemu ameacha mjane, Bi Ghaniya binti Sheha. Ndugu yake, Bwana Sabir. Binti yake Alyaa na mumewe. Wajukuu wawili, Wadha na Yaqeen. Na mwanawe Khattab, aliyekaa pale karibu na mlango.

Mola ampokee Marzouq kwa upole, amlaze pema na ampe utulivu aliokuwa ameukosa; na anayemdai, Mola ampe wasaa wa kujibu atakapotaka mwenyewe.