Vitabu Vilivyompeleka Mtoto wa Mchungaji Udaktari

Itangazwe kwa mataifa yote kwamba Kelvin, mwanafunzi wa bweni mwenye adabu zake, hasikilizi maongezi ya wakubwa. Ndani ya basi la Wembley alivaa spika za masikioni, kisha akazizima ili asikie vizuri.

Mbele yake nesi mmoja, mfuko wa vitabu mapajani, alikuwa akimweleza mwanamke asiyemjua. "Mwanangu Aikaeli anafanya mtihani wa kuingia udaktari Jumatatu. Akifeli tena, amesema harudii. Vitabu hivi vilimpeleka mtoto wa mchungaji wetu udaktari, na tumeviombea."

"Kwani mtungaji wa mtihani naye alikuwepo kwenye maombi? Hivyo ni vya zamani, dada. Ungemlipia kozi ya mtandaoni."

"Kozi ndiyo ilimfelisha mwaka jana. Safari hii maswali ya maumbo ya humu, yale ya kulinganisha michoro, ameyamaliza yote."

Kusikia maumbo, Kelvin alishtuka hadi spika moja ikamdondoka. Nesi akageuka. "Kumbe unatusikia?"

"Shikamoo, mama," alisema Kelvin, basi likisimama. "Maumbo yaliondolewa kwenye mtihani. Nami niliyakariri kwenye vitabu kama hivyo, nikafeli. Nyumbani wanaamini nimefaulu."