Mzee Venance na Moshi wa Lusahunga

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mzee Venance Tomasi anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, na ofisini kwetu kitabaki kiti ambacho hakuna anayethubutu kukikalia. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa nimeolewa mwezi uliopita, na wenzangu wanaamini bado nina maneno matamu. Wamekisia vizuri.

Alianza kazi mwaka 1994 kule Ngara, kijana wa idara ya misitu. Kambi ya Benaco ilikuwa imejaa wakimbizi, baadaye na ile ya Lukole, na vilima vikabaki vitupu kwa sababu kila sufuria ilihitaji moto. Mzee Venance hakumlaumu mtu mwenye njaa. Aliondoka huko na swali moja tu kichwani, na hajaliacha mpaka leo. Ukimwamkia shikamoo anajibu marahaba, halafu anauliza, "Unapikia nini?" Ametuuliza hivyo kazini, msibani, na kanisani tukiwa kwenye foleni ya komunyo.

Alipohamia Biharamulo alikabidhiwa wafanyabiashara wadogo na wa kati: mamalishe, wachoma tofali, wenye bekari. Alijaribu kila njia. Aliwasomea sheria ndogo, wakaitikia kwa adabu na kurudi kwenye kuni zao. Aliwapigia hesabu za kuni, wakamsifu kwa kujua hesabu. Aliwaandalia semina, wakaja wote na kula wali wa semina, ambao nao ulipikwa kwa kuni.

Ndipo ikaja habari ya Lusahunga. Pale malori ya kwenda na kutoka mpakani Rusumo husimama, na migahawa ya mamalishe imetazamana pande mbili za barabara. Wa kwanza kukubali kuacha mafiga alikuwa Bi Speciose. Alijengewa jiko banifu la tofali na udongo wa kichuguu, na fundi wake alikuwa Frednand, mwenye mikono ambayo sitaieleza hapa kwa kuwa jarida hili linasomwa na wakubwa wetu. Jiko likawaka vizuri, kuni chache, moshi karibu hakuna. Na wateja nao wakawa karibu hakuna.

Sisi sote tulikuwa tumesahau jambo moja. Madereva wa njia ile hawasomi mabango, wanatazama moshi. Penye moshi pana chakula. Pasipo moshi, mama amesafiri au amefiwa. Wakawa wanampita Speciose wakimwonea huruma, na mmoja alishuka kabisa kwenye lori akampa rambirambi.

Walivuka barabara kuufuata moshi mnene kuliko wote, na hapo ndipo palipokuwa na aibu yenyewe. Mgahawa ule ni wa Mama Joyness, yaani Anjelika, mke wa Mzee Venance. Kwa miaka mingi alikuwa amelikataa jiko la mumewe, akisema mahubiri hayaongezi ladha kwenye maharage. Lusahunga nzima ikaamini kwamba mzee amempelekea jirani jiko lenye mkosi ili mkewe atajirike. Speciose akaanza kuyapanga mafiga yake upya nyuma ya nyumba. Kama angeyawasha, hakuna mamalishe ambaye angemsikiliza Mzee Venance tena, na mzee alilijua hilo.

Hakuitisha kikao. Alivaa shati lake jeupe la ofisini, akaenda kwa Speciose, akakaa kwenye meza ya nje iliyo karibu kabisa na lami, akala. Kesho yake akala tena. Alikula ugali wa muhogo na sato huku akiwapungia madereva mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na kazi. Alinenepa mpaka mkanda ukaishiwa matundu. Madereva wakaanza kusimama, mwanzoni kwa kumshangaa, halafu kwa sababu waligundua wanaondoka pale na macho makavu na mashati yasiyonuka.

Ng'ambo ya barabara Mama Joyness alikuwa anaona yote. Mume wake wa ndoa anakula kwa mwanamke mwingine, mchana kweupe, tena anatabasamu. Majirani wakamsaidia kuona zaidi. Siku moja akavuka, mwiko mkononi, akasimama mbele ya meza ile. Speciose anaapa kwamba maneno yalikuwa haya:

"Baba Joyness, nijengee jiko kama la huyu. Liwe kubwa kuliko la huyu. Na kesho ule kwako."

"Si nimekuomba miaka yote, mama?"

"Ulikuwa unaniomba kwa ajili ya misitu. Mimi sikuolewa na misitu."

Frednand akalijenga. Ofisi ilinituma nikapige picha za jiko jipya, na picha zote zikatoka za fundi. Basi, mengine mnayajua, mlichangia.

Migahawa miwili mikubwa ilipokosa moshi, madereva waligeuza maana: penye moshi, chakula bado hakijaiva. Mamalishe waliobaki wakamtafuta fundi wenyewe, bila semina.

Mwaka jana, kwenye warsha Bukoba, wataalamu walikuwa wanajadili kinachomsukuma mfanyabiashara mdogo kutunza mazingira. Wakataja sheria, mikopo na bei ya kuni. Mzee Venance akasema ni wivu. Ukumbi ulicheka, yeye hakucheka. Alieleza kwamba bei ya kuni humfanya mtu abaki na jiko, lakini kinachomfanya alijenge ni kumwona jirani akipendwa kuliko yeye. Mimi, bibi harusi wa juzi, naunga mkono kila neno.

Harusi yetu ilipikwa na Mama Joyness na Speciose pamoja. Mama mkwe wangu alilia sana, na safari hii hakuna aliyeweza kusingizia moshi.

Mzee wetu, asante kwa vilima vilivyoota miti tena na kwa majiko yanayoturudisha nyumbani bila kikohozi. Mungu akupe afya, na miaka mingi ya kumuuliza kila mpita njia anapikia nini. Kiti chako cha kwa Speciose tumekiomba tukilete hapa ofisini, kwa usalama wa ndoa. Mchana ukifika, vuka barabara, ukale kwako.

Happy Frednand, masjala