Ngazi Tatu za Duka la Abdille

Mwaka ule wa 1966 sukari ilifika Garissa siku malori yaliposindikizwa na askari, na kila saa kumi na mbili jioni kafyu iliwafungia watu wote ndani. Duka la Abdille liliinuliwa juu ya ngazi tatu ndefu tangu mto Tana ulipofurika ukamloweshea unga wake, naye hakumpimia mtu asiyefika kaunta mwenyewe na kadi yake ya mgao. Chini ya ngazi, juani, Ebla alikuwa ameketi vumbini tangu adhuhuri. Magoti yalikuwa yamegoma, na kubebwa na mwanamume kama gunia hakutaka. Kivulini ng'ambo ya njia, bintiye Saado alikuwa akiwamiminia kahawa wanakijiwe watatu waliokaa kwenye benchi, moyo ukimchemka kuliko birika. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu.

— Mchumia juani hulia kivulini, alisema Korane, aitwaye Redio kwa kutozimika. Mama anachuma, sisi tunakula. Mambo iko sawa.

— Unachokula ni kahawa yangu, adeer, Saado alimjibu, akimwita ami.

— Serikali ichimbe duka ya wazee chini ya ardhi, alisema Kulow, waliyemwita Wakili kwa kuwa aliwahi kufagia mahakama. Kushuka haitaki nguvu.

— Na kutoka? Saado aliuliza.

— Hiyo ni kesi nyingine.

Gelle Kisima, wa tatu wao, mtu wa Wajir, alikohoa.

— Kwetu kisimani, mnyama dhaifu hunywa kwanza.

Saado akageuka. Walau mmoja ana akili.

— Kwa hivyo, Gelle aliendelea, leteni ngamia. Mama apande, ngamia aingie mpaka kaunta.

— Mlango je? Saado aliuliza.

— Abdille avunje ukuta.

— Tena mpanda ngazi hushuka, alisema Redio. Kama atashuka, kupanda ya nini?

— Wallahi, alisema Saado, kisimani mnadai huruma kwa ngamia, hapa mama yangu anakauka mkimtazama.

Mwanamke akashuka kutoka lori lililosimama njiani, mzigo begani. Ni Sharifo, jirani yao, aliyerudi kutoka Wajir. Alimtazama Ebla, akawatazama wanaume.

— Abaayo, dada yangu, Sharifo alimuuliza Saado, mbona wenye magoti mazima wako kwenye benchi, mgonjwa wa magoti yuko chini?

Hata Redio ilizimika.

Saado akashika ncha moja ya benchi, Sharifo nyingine. Wazee wakasimama, maana benchi lilikuwa linaondoka. Ebla akakalishwa juu yake, na wanaume wakaja kusaidia kuinua.

— Mimi msinishike, alisema. Shikeni benchi.

Akapanda ngazi zote tatu ameketi, kama bibi arusi juu ya ngamia, akampa Abdille kadi. Abdille akampimia sukari. Saado alipouona mfuko mapajani mwa mamake, akacheka peke yake.

Benchi halikurudi. Ajuza wawili walikuwa wamekwisha kulikalia pamoja na Ebla pale kaunta.

— Sasa sisi? Redio aliuliza, amesimama juani.

Saado akampa kikombe.

— Chuma kidogo, adeer.