Wasifu wa Sista Leocadia, Aliyetuandikia Marehemu Wetu

Sista Leocadia wa Mtakatifu Andrea, tunayemsindikiza leo, alizaliwa mjini Zamora tarehe 9 Desemba 1588, mtoto wa kwanza wa Bwana Melchor Osorio, karani wa mahakama, na Bi Elvira Bermúdez. Alikuwa na miaka kumi na mmoja mama yao alipofariki. Mdogo wake Jerónima, anayeusoma wasifu huu, alikuwa na mitatu. Sura ya mama haikumbuki.

Leocadia hakupelekwa shule. Alijifunza kusoma kwa kusimama ng'ambo ya meza ya baba yake, kwa hiyo herufi alizijua zikiwa kichwa chini. Siku alipopewa kitabu cha sala, alikigeuza kwanza ndipo akaanza kusoma. Baba alicheka hadi akamwaga wino.

"Mwanangu, wewe utawasomea popo!"

Alichumbiwa na mfanyabiashara wa sufu, akakataa katakata. Tarehe 4 Oktoba 1607 aliweka nadhiri katika nyumba hii ya watawa mjini Toro, na hiyo ndiyo ndoa aliyoitaka. Miaka mitano baadaye Jerónima alimfuata, akapangiwa tanuri la mkate.

Kwa zaidi ya miaka thelathini, kila sista alipofariki, Leocadia ndiye aliyeandika maisha yake: alikotoka, alichopenda kula, hata alivyokoroma kanisani. Aliandika habari za marehemu thelathini na mmoja. Daftari moja zaidi alimwandikia mdogo wake, kuhusu mama yao: wimbo aliouimba akifua, kovu la kidevuni, namna alivyomwita Jerónima "kifaranga." Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya mama, walilisoma pamoja.

Mwaka 1640 alikuja padri muungamishi mpya. Aliagiza madaftari yote yachomwe. Kueleza habari za roho, alisema, si kazi ya mwanamke.

"Hata la mama yetu, Padre?" Jerónima aliuliza.

"Nimesema yote."

Tarehe 14 Machi Leocadia aliyabeba mwenyewe hadi kwenye tanuri. Mdogo wake alifungua mlango wa tanuri, akasita.

"Tia tu, mdogo wangu. Tuliapa kutii." Kisha akajaribu utani: "Mkate wa leo utakuwa na maneno mengi."

Hakuna aliyecheka. Jerónima aliyatia moja moja, la mama likawa la mwisho. Leocadia hakushika kalamu tena.

Tarehe 21 Oktoba mwaka huu alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, na kumbukumbu za karibuni zikafutika. Kesho yake aliomba, "Niletee daftari la mama, unisomee."

"Tulilichoma, dada."

Alilia kama mtu anayepewa habari za msiba. Siku ya pili aliuliza tena, akaambiwa, akalia vilevile. Siku ya tatu pia. Siku ya nne Jerónima alishindwa.

"Masista wa Zamora wameliazima, dada. Watalirudisha."

"Wasilichafue tu," alisema, akatulia.

Aliuliza kila siku kwa zaidi ya mwezi, na kila siku alidanganywa. Tarehe 1 Desemba aliuliza mara ya mwisho.

"Wamelileta?"

"Kesho, dada."

"Basi kesho tusome pale anapoimba."

Jerónima alijaribu kuukumbuka wimbo ule ili amwimbie. Maneno hayakuja. Leocadia alifariki asubuhi ya tarehe 2 Desemba 1641, wiki moja kabla ya kutimiza miaka hamsini na mitatu.

Ameacha ndugu mmoja wa kiume, Gaspar, na binti wawili wa ndugu huyo, huko Zamora. Mama Mkuu na masista kumi na tisa wa nyumba hii. Na mdogo wake Jerónima, ambaye anakiri mbele ya jeneza hili kwamba alimdanganya, na angemdanganya tena. Wasifu huu ameuandika yeye, mtu wa tanuri asiyezoea kalamu, kwa ruhusa ya Mama Mkuu, kwa sababu aliyekuwa akituandikia ndiye tunayemzika.

Pumzika, dada. Mungu akupe amani yake.