Mama Vipande, Aliyechonga Zawadi kwa Mbao Zilizotupwa

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, mliotoka mbali na mliotoka mlango wa pili: familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu. Nimeonywa nisilie na nisirefushe. Hilo la pili nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha kupasua mbao, ambako baba yetu alikuwa mlinzi. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita. Mama alizoea kutusimulia kwamba safari yake ya kwanza kwa miguu ilimfikisha kwenye lundo la mabaki ya mbao, na alirudi na kipande katika kila mkono.

Alianza shule ya msingi Januari 1959 na kumaliza kidato cha nne Novemba 1969. Shuleni kwake, somo la michoro ya ufundi lilikuwa la wavulana. Saa hiyo wasichana walikuwa kwenye ushonaji. Dada alikuwa akimaliza pindo lake chapuchapu, kisha anaomba ruhusa ya kwenda chooni, na anaishia kusimama nje ya dirisha la wavulana. Wiki ya tatu, mwalimu wa michoro alisema bila hata kugeuka kutoka ubaoni, "Wewe binti, ama ingia ama ondoka. Unaniziba mwanga." Aliingia. Mwisho wa mwaka alikuwa wa kwanza darasani, na mwalimu wa ushonaji alimnunia mpaka siku ya kuaga.

Tarehe 1 Julai 1971 aliajiriwa kuwa mchora ramani katika ofisi ya maji, akadumu hapo miaka thelathini na mitano, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2006. Alichora mabomba ya mji mzima. Ukitembea naye barabarani alikuwa anasimama ghafla na kukwambia, "Hapa chini kuna la inchi sita," kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani. Kompyuta zilipoletwa ofisini mwaka 1993, wachoraji wenzake wawili waliomba uhamisho. Yeye, akiwa na miaka arobaini na miwili, alimwambia mkuu wake, "Mstari ni mstari. Nionyeshe tu pa kubonyeza."

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1976, na seremala ambaye sote hapa tunamwita Fundi Randa. Walikutana siku shemeji alipoleta meza za kuchorea ofisini kwao. Dada aliegemea moja na kumwambia, "Mguu wa nyuma, kushoto. Umepungua milimita tatu." Fundi alipima kwa hasira, akakuta tatu kamili. Baadaye alituambia, "Nilijua pale pale kwamba huyu nikimwacha nitajuta, na nikimwoa sitapumua." Alimwoa. Mungu aliwajalia mabinti wawili na mvulana mmoja.

Baada ya kustaafu alianza kuokota. Vitanda vilivyovunjika, milango iliyolowa mvua, makreti, mabaki ya karakana ya mumewe, vyote aliviburuta nyumbani, na ndipo watoto wa mtaa walipompa jina la Mama Vipande. Agosti 2011, duka moja la mabango lilikuwa linafungwa, naye alirudi kutoka huko na mashine mbovu ya CNC. Kwa wasioijua, ni mashine ya kuchonga inayofuata mchoro wa kompyuta: unachora, unabana ubao mezani, kisha biti, yaani kile kisu chembamba cha kuchongea, inazunguka huku mkono wa chuma ukiipeleka kulia, kushoto, juu na chini. Alihangaika nayo miezi minne mpaka ikatii.

Shemeji hakufurahi, na leo ameniruhusu kulisema. Watu walikuwa wameanza kununua samani za kiwandani, na karakana yake ilikuwa inapitisha wiki nzima bila mteja. Alipoliona lile dude alisema, "Miaka yote nimewalisha kwa mikono hii. Leo umeniletea mke mwenza."

"Huyu mke mwenza hapiki wala hafui, mzee wangu. Usimwogope."

Hakucheka. Alikataa mashine isikanyage karakana yake, nayo ikaishia katika chumba cha kufulia. Kwa wiki saba za mwanzo waliongea kupitia binti yao mdogo, aliyekuwa bado anaishi nao. "Mwambie baba yako chakula tayari," naye baba ameketi hapo hapo, kijiko mkononi.

Mambo yalibadilika Januari 2012, na nilikuwepo. Dada alikuwa anachonga sinia lake la kwanza kutoka kwenye mlango wa zamani. Biti iligonga msumari uliojificha, ikakatika, na kipande chake kikapasua kioo cha dirisha. Dada aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, hoi, vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Fundi Randa alifika mbio. Alipoona hakuna damu, aliuchukua ule ubao na kupitisha kiganja juu yake.

"Uliukagua?"

"Niliutazama."

"Kutazama siyo kukagua. Fundi wa mlango huu alikata vichwa vya misumari, halafu akapaka rangi juu. Kompyuta yako itajulia wapi?"

Aliondoka. Tulidhani amekwenda zake, kumbe alifuata sumaku na koleo. Aling'oa misumari kumi na mmoja, akaipanga dirishani, kisha akasema, "Haya, liwashe tuone."

Tangu siku hiyo dada alichora, mashine ikachonga, na shemeji akakagua, akapiga msasa na kupaka mafuta. Hawakuuza hata kimoja. Waliooa walipata ubao wa kukatia mboga, waliohamia nyumba mpya walipata saa ya ukutani au kining'inizo cha funguo, na aliyejifungua alipata kigoda cha kuketi akimwogesha mtoto. Kila kitu kilitoshea mahali pake, kwa sababu dada alikuwa mgeni pekee niliyemjua aliyekwenda kusalimia watu na futi mfukoni. Jirani yetu muuguzi, anayefanya kazi zamu ya usiku, alikuja kulalamika: "Shikamoo mama. Mimi nalala mchana, na hiyo mashine nimeshaiota mara tatu." Dada aliomba ratiba yake ya zamu, akaibandika ukutani juu ya mashine, na hakuiwasha tena katika saa za usingizi wake. Wiki iliyofuata alimpelekea rafu ya viatu. Muuguzi huyo yuko nasi hapa, na ndiye aliyemhudumia dada mpaka mwisho.

Mwaka 2018 shemeji alianza kupoteza nuru ya macho kwa presha ya macho, na kufikia katikati ya 2019 hakuweza kuuona mlango. Aliacha kwenda karakana. Alikuwa akishinda ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa shati la kazi. Alisema, "Fundi asiyeona ni wa kuhamishwa tu kama kabati." Dada hakubishana naye. Alichukua futi na kuanza kupima kuta. Kisha alimletea mbao za vitanda vya zamani, akazilaza mapajani mwake pamoja na sumaku na koleo.

"Za nini hizi?"

"Zawadi ya mtu. Kagua."

Alizikagua kwa vidole kwa wiki sita, akinung'unika, asijue mtu huyo ni nani. Mwanawe alipomaliza kuzifunga ukutani, ilikuwa reli ya kushikilia, mita ishirini na tatu, kutoka kitandani hadi bafuni, hadi jikoni, ikavuka ua mpaka karakana. Juu yake mashine ilikuwa imechonga alama za kusomwa kwa vidole: mswaki karibu na bafu, kikombe karibu na jikoni, mistari mitatu kabla ya kila ngazi, na kwenye mlango wa karakana, randa ndogo.

Dada aliushika mkono wa mumewe, akauweka mwanzo wa reli, akamwambia, "Nenda." Akamfuata nyuma bila kumgusa. Shemeji alifika karakana, akaigusa ile randa kwa muda mrefu, na sisi tuliokuwa uani tukaanza kutafuta leso.

"Mke wangu," alisema, "kisu cha randa hii kimegeuka nyuma."

"Najua. Nilitaka kuona kama bado wewe ni fundi."

Alicheka mpaka akaketi chini. Jumatatu yake alikuwa kazini, msasa mkononi.

Oktoba 2023 marehemu alianza kuumwa tumbo, na mwezi Desemba madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Aliomba aonyeshwe picha. Aliitazama, akamwambia daktari, "Imekaa pabaya. Hata mimi nisingepitisha bomba hapo." Kwangu alikiri kwamba alikuwa anaogopa maumivu, kifo alisema hakimsumbui sana, ameishi alivyotaka. Mpaka Machi alikuwa akimfundisha binti yake mkubwa kuiendesha mashine. Kuanzia Mei hakutoka chumbani.

Tangu mumewe apoteze macho, kila asubuhi alimweleza yanayoonekana dirishani. Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, sauti yake ilikuwa ndogo, lakini shemeji aliuliza kama kawaida, "Leo kuna nini?"

"Nguo za muuguzi zimeanikwa. Paka yuko juu ya ukuta. Kuna mtu anasukuma baiskeli."

"Pancha?"

"Pancha."

"Gurudumu la mbele au la nyuma?"

Alichukua muda kutazama. "La nyuma," alisema.

Saa nne na robo asubuhi hiyo, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe, alituacha.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wakwe watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja wa miezi mitano. Kati yetu sita tuliozaliwa nyuma ya kiwanda cha mbao, ameacha kaka yetu mmoja na mimi. Ameacha pia mtaa mzima wa watu waliomwita mama bila yeye kuwazaa.

Dada, tulifurahi sana kuwa nawe. Pumzika sasa kwa amani ya Mungu.